Mwizi wa Saa Aliyepewa Hati ya Shamba

Si kawaida ya mtu kujichongea jiwe la kaburi lake. James Ruse, aliyefariki mwaka 1837 huko Campbelltown, karibu na Sydney, yasemekana alilichonga lake kwa mkono wake mwenyewe angali hai. Tahajia yake ni ya mtu ambaye hakukaa sana chuoni, lakini maana yake ni wazi: alipofika katika koloni hili, yeye ndiye aliyepanda nafaka ya kwanza. Jambo ambalo jiwe halisemi ni sababu iliyomfikisha huko.

Ruse alizaliwa mwaka 1759 karibu na mji wa Launceston, jimbo la Cornwall, akalelewa katika kazi ya shamba. Mwaka 1782 alipelekwa mbele ya mahakama ya Bodmin kwa kosa la kuvunja nyumba ya mtu na kuiba saa mbili za fedha. Siku hizo Uingereza ilikuwa ikimnyonga mtu kwa kosa la namna hiyo, naye akahukumiwa kitanzi. Baadaye hukumu ikapunguzwa, ikawa kuhamishwa ng'ambo miaka saba. Na wapi huko ng'ambo? Afrika!

Naam, Afrika. Zamani wafungwa wao walikuwa wakipelekwa Marekani, lakini Wamarekani walipoasi, mlango ule ukafungwa. Ndipo wakubwa wa London wakaitupia macho pwani ya Afrika Magharibi, kwenye ngome za wafanya biashara ya watumwa. Wafungwa waliopelekwa huko kuwa askari walikufa kwa homa na wengine wakatoroka. Kwa hiyo Ruse hakuletwa Afrika. Alitupwa ndani ya Dunkirk, merikebu kuukuu iliyotia nanga Plymouth ikafanywa jela, akakaa humo miaka karibu mitano.

Mwezi wa Mei 1787 msafara wa merikebu 11 ukang'oa nanga Portsmouth ukiwa na wafungwa zaidi ya 700. Ruse alikuwa ndani ya Scarborough. Walipita Tenerife, Rio de Janeiro na Rasi ya Tumaini Jema, na Januari 1788 wakatia nanga upande wa pili wa dunia. Sisi watu wa pwani adhabu ya bahari si ngeni kwetu. Sayyid Khalid bin Barghash alipelekwa na Waingereza hao hao hata St Helena na Seychelles, na mauti yakamkuta hapa Mombasa mwaka 1927. Lakini yeye kosa lake lilikuwa kiti cha enzi, si saa mbili.

Huko walikofika njaa iliwasubiri. Miongoni mwao wenye kujua kilimo walikuwa wachache mno, na shehena ya chakula kutoka Uingereza ilichelewa, posho ikapunguzwa na kupunguzwa tena. Julai 1789 Ruse akamwendea Gavana Arthur Phillip akamwambia: miaka yangu saba imekwisha, nataka ardhi. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho cha kusikitisha. Gavana hakuwa na karatasi za hukumu, zilisahauliwa Uingereza! Mtu ametumikia kifungo chake chote, wala hana wa kumshuhudia kwamba kimekwisha.

Phillip hata hivyo alikuwa mtu wa busara. Novemba mwaka ule alimpa Ruse kipande cha ardhi Parramatta, pamoja na kibanda, zana, mbegu na mifugo michache, apate kuona kama mtu mmoja aweza kujilisha katika nchi ile. Kapteni Watkin Tench alimzuru mwaka 1790 akayaandika maelezo yake, na mkulima yeyote wa kwetu atayaelewa. Alichoma magogo, akazika majivu udongoni, akalima kwa jembe la mkono kipande kidogo tu kila siku, ili asiukwaruze udongo juu juu kama walivyofanya katika shamba la serikali. Akafukia nyasi na magugu, akaliacha shamba lipate jua na hewa, kisha akaligeuza upya kabla ya kupanda. Msaidizi wake alikuwa mkewe tu, Elizabeth Perry, naye mfungwa, aliyefika mwaka ule ule kwa merikebu Lady Juliana. Ruse alimsifu kuwa mchapa kazi.

Mwaka 1791 Ruse akamwarifu Gavana kwamba hahitaji tena posho ya ghala. Akaandikiwa hati ya eka 30, hati ya kwanza ya ardhi katika New South Wales.

Hapa mimi nasita kidogo. Habari ya hati, sisi tunaijua uchungu wake: karatasi huandikwa mjini, na mwenye kukaa juu ya ardhi hana habari. Parramatta palikuwa pa Waburramattagal, jamaa ya Wadharug, na jina lenyewe la mji ni lao. Ndui ya mwaka 1789 ilikuwa imewafyeka wenyeji wengi wa pande zile. Hakuna aliyewauliza waliobaki. Ruse aliiba saa mbili akahukumiwa kunyongwa. Eka 30 zile alipewa kwa muhuri wa Gavana.

Wala hakukaa nazo. Mwaka 1793 aliliuza shamba kwa daktari John Harris kwa pauni 40, na mwaka uliofuata akahamia ukingoni mwa mto Hawkesbury pamoja na walowezi wa kwanza wa huko. Udongo wake ulikuwa mzuri, lakini mto ulifurika mara kwa mara, na wenyeji walioondolewa kwenye viazi vikuu vyao vya kando ya mto walipigana na walowezi miaka mingi. Ruse akafilisika. Akawa baharia. Mwaka 1828, akikaribia miaka 70, alikuwa msimamizi katika shamba la mtu mwingine.

Nyumba iliyojengwa baadaye juu ya shamba lile la Parramatta imehifadhiwa, na watu huenda kuitazama. Ruse hakuishi ndani yake hata siku moja.