Tiara Haina Pasipoti

Mtoto wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, akitaka kurusha roketi hana pa kuinunua. Kule Marekani, tangu miaka ya 1950, wakubwa kwa wadogo wamejiburudisha kwa kuunda vyombo vyepesi vinavyopandishwa na injini ndogo ya baruti. Vingine vina mabawa: baruti ikiisha, huelea na kuteremka polepole hadi kwenye nyasi. Injini hizo huuzwa dukani. Huku kwetu kuna Sheria ya Vilipuzi, na mwenye akili timamu hachezi na baruti mahali penye polisi, maofisa wa forodha na foleni ya malori ya mafuta yanayoelekea Kampala.

Hata hivyo, kazi yenyewe ya kukipandisha kitu na kukiacha kielee hufanyika Busia na Malaba, mji mwingine wa mpakani, kila likizo. Msimu wake mkubwa ni Agosti, mahindi yakishavunwa, mashamba yakiwa wazi na mabua yamejaa kila mahali. Atakayekwambia kwamba huo ni mchezo tu, muulize kwa nini basi una walimu, daraja, miiko na urithi.

Daraja la kwanza ni la watoto wadogo: pangaboi la jani. Jani gumu hukatwa umbo la mabawa mawili, likatobolewa katikati kwa mwiba na kushikizwa kwenye kijiti. Mtoto hukimbia nalo, linazunguka. Hapo amejifunza kwamba hewa ina nguvu, tena bila kuambiwa na mtu.

Daraja la pili ndilo linalokaribiana zaidi na roketi za Wamarekani, nalo ndilo linalonivutia kuliko yote. Bua la mahindi au la mtama lililokauka huchunwa ganda lake gumu, kukabaki kiini cheupe chepesi. Kiini ndicho mwili wa ndege. Ganda halitupwi, kwani hupasuliwa vijiti vyembamba vya kushikizia mabawa na mkia, ambavyo hukatwa kwenye boksi jembamba. Puani huwekwa donge dogo la udongo, na tumboni hufanywa pengo la kunasia mpira. Mpira wenyewe ni utepe wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye panda ya mti, yaani manati ileile ya kuwindia ndege. Mtoto huvuta, akalenga juu kidogo, akaachia.

Anayeanza huweka udongo kidogo mno. Ndege yake hupanda ikiwa imeinua pua, husimama hewani, kisha huporomoka kwa mkia. Wenzake hucheka. Mkubwa wao hatoi mawaidha. Huiokota ndege, akaiegemeza mabawa juu ya ncha za vidole viwili, akaitazama inavyoinamia nyuma, akabandika udongo mwingine puani, akapima tena, kisha akamrudishia mwenyewe. Somo limekwisha. Mhandisi wa ndege naye hupimia uzito hapohapo, ila yeye ana vitabu.

Tyubu ya baiskeli haikosekani huku. Mpaka huu ndio uliozaa bodaboda, enzi ambazo waendesha baiskeli walibeba abiria na mizigo kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Pikipiki zimechukua nafasi, lakini mafundi wa baiskeli bado wapo, na chini ya benchi la kila fundi kuna rundo la tyubu zilizozeeka kwa viraka. Mtoto mwenye adabu, anayeamkia kwanza kabla ya kuomba, hapewi moja tu.

Daraja la juu kabisa ni tiara. Huko Pwani huiita kishada, na huipamba kwa karatasi za rangi. Tiara ya mpakani haina urembo. Vijiti vya matete au mwanzi vilivyopishana, juala lililowambwa juu yake, mkia wa vitambaa, na uzi uliofumuliwa kwenye magunia. Magunia nayo yamejaa, maana mahindi na maharagwe mengi ya Uganda hupita hapa yakielekea miji ya Kenya. Wanawake wa sokoni wanaouza nafaka huwajua vyema watoto wanaozunguka mizani yao wakiokota nyuzi, na huwafukuza kwa maneno makali yasiyo na hasira.

Basi ikaja tarehe 28 Agosti 2017, katikati ya msimu wa tiara. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Sheria ile iliwalenga watengenezaji, wauzaji na watumiaji wa mifuko, na hakuna aliyekuwa akiwafikiria watoto. Lakini juala ndilo lililokuwa ngozi ya tiara na tumbo la mpira wa miguu wa kufunga kwa kamba. Huku mpakani marufuku ilikuwa na uso wake: Uganda mifuko iliendelea kupatikana, na magendo yake yakapita Busia na Malaba kwa njia za panya. Mtoto akiokota juala jeusi mtaroni, huenda limevuka usiku mgongoni mwa mtu mzima. Wengine waligeukia karatasi ya mkate na nailoni ya magodoro. Tiara zikawa nzito kidogo, mikia ikafupishwa, mambo yakaendelea.

Na tiara yenyewe huvuka mpaka mchana kweupe. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili Februari 2018, kiliwekwa ili msafiri akaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili. Tiara haikaguliwi hata mara moja. Uzi ukikatika na upepo ukiwa wa kwenda magharibi, huangukia Uganda, na wenyewe huifuata kwa vichochoro wanavyovijua kuliko askari. Aliyeikuta huweza kuidai. Mabishano huendeshwa kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia na Kiganda kwa mpigo, na mara nyingi huishia kwa kugawana: mmoja tiara, mwingine uzi.

Kuna desturi nisizozipenda. Wasichana huachiwa pangaboi la jani. Wakifikia umri wa tiara huitwa kuchota maji na kulea wadogo. Mwenye uzi ndiye bwana, na mdogo anayekimbia na tiara ili ipande hupata jasho tu. Tena wapo wanaorushia chini ya nyaya za stima, na hilo halina utetezi.

Kichekesho kililetwa na mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019. Wazazi waliokuwa wakivunja tiara na kuchoma manati sasa huletewa kazi ya shule: mtoto atengeneze kitu cha kuchezea kwa vitu vya nyumbani. Mzazi asiyejua hata kufunga kijiti hutafuta kijana wa mtaani amfanyie, kisha mwalimu husahihisha kazi ya mtu asiyemjua.

Wakati huohuo nchi inataka wataalamu wa anga. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Setilaiti ya Taifa-1 ilipanda Aprili 2023 kwa roketi ya Marekani. Pale Juja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huunda roketi ndogo katika mradi wao wa Nakuja. Sidhani kwamba njia ya kufika Juja inaanzia kwenye vitabu pekee.

Walimu wa Busia na Malaba, uwanja wa shule mnao, na Agosti huwa mtupu. Ufungueni, mbali na nyaya. Mwiteni yule kijana anayewafanyia wazazi kazi za shule aje afundishe mbele ya watu, na safari hii wasichana nao washike uzi.