Siku ya kwanza Ulaya, mwenye kisukari asitembee na njaa

Si ajabu siku hizi kwa wazazi wa Janga, Kibaha au Kisarawe kupata mwaliko wa kwenda kumtembelea mtoto anayesoma au kufanya kazi Ulaya. Mwaliko ukifika, mazungumzo ya nyumbani huwa ni viza, tiketi na makoti ya baridi. Dawa hukumbukwa siku ya kufunga mabegi.

Kwa wanandoa ambao mmoja wao ana kisukari, siku inayohitaji uangalifu zaidi ni ile ya kwanza ya matembezi. Wamechoka, hawajalala vizuri, na mwenyeji wao ana hamu ya kuwaonyesha mji mzima.

Tuchukue mfano wa Amsterdam, Uholanzi. Baba na mama wametoka Janga mchana ili foleni ya Barabara ya Morogoro isiwakwamishe, wakapanda ndege usiku na kushuka asubuhi. Mama anatumia insulini. Amechoma sindano yake ya asubuhi, akanywa chai na kipande cha mkate, kisha safari ya kuuona mji ikaanza.

Kwa nini sukari hushuka

Kutoka kituo kikuu cha treni hadi makumbusho ya Rijksmuseum ni karibu kilomita tatu kwa miguu. Ukiongeza uwanja wa Dam, kandokando ya mifereji na soko la Albert Cuyp, mama ametembea kuliko anavyotembea nyumbani kwa siku kadhaa. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari ya kwenye damu, na dozi ya insulini ni ileile. Chakula ndicho kilichopungua.

Ratiba nayo huchangia. Kuingia nyumba ya Anne Frank, kwa mfano, tiketi hununuliwa mapema mtandaoni na ina saa yake maalumu. Mtu huona bora aahirishe chakula kuliko kuikosa nafasi. Ndani kuna ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, na huko ndiko mwili uliokosa chakula unapoweza kuishiwa nguvu.

Jua pia hudanganya. Amsterdam iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, hivyo tofauti ni ndogo. Lakini mwezi Juni jua huzama karibu saa 4 usiku. Anayesubiri giza ndipo ale chakula cha usiku na kumeza dawa atachelewa mno. Fuata saa ya mkononi, usifuate jua.

Hatari hii inawahusu wanaotumia insulini na vidonge kama glibenclamide, gliclazide na glimepiride. Metformin ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Dalili ambazo mwenzi lazima azijue

Anayeshukiwa na sukari hutetemeka, hutokwa na jasho hata kwenye baridi, moyo humwenda mbio na huhisi njaa kali. Baadaye huchanganyikiwa, huongea ovyo au kukasirika bila sababu. Wakati huo yeye mwenyewe anaweza kukataa kwamba anaumwa, ndiyo maana mume au mke ndiye mlinzi wa kwanza.

Kipimo kikiwa chini ya 4 kwa mashine zinazotumika kwetu, mpe mara moja nusu glasi ya juisi, au soda ya kawaida yenye sukari, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Chokoleti haifai kwa dharura kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini, kisha ale mlo kamili. Kama huna mashine karibu, usisubiri kipimo. Akipoteza fahamu usimpe kitu mdomoni. Mlaze ubavu na piga 112, namba ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Mezani

Kwenye soko la Albert Cuyp mgeni hukutana na stroopwafel, biskuti pana yenye shira katikati, chipsi zenye mayonesi, na samaki aina ya haring aliyetiwa chumvi. Kuonja si kosa. Ila stroopwafel si chakula cha mchana, na mwenye presha asile haring na chipsi kwa mkupuo kwa sababu ya chumvi. Mji huo una migahawa mingi ya Wasurinam inayouza roti, mchuzi wa kuku na mboga, chakula ambacho mtu wa Pwani atakizoea haraka.

Wapo wanaoruka kidonge cha presha kinachoongeza mkojo kwa kuhofia kukosa choo njiani. Vyoo vipo, ingawa vya vituo vya treni mara nyingi hulipiwa. Weka sarafu au kadi mfukoni, umeze dawa yako.

Kabla ya kuondoka

Muone daktari wako wiki kadhaa kabla. Muulize dozi ya siku ya safari na ya siku za kutembea sana, na akuandikie barua inayotaja dawa zako. Insulini na mashine ya kupimia vikae kwenye begi la mkononi, kwa kuwa insulini ikiganda haifai tena. Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nakala yake aibebe kila mmoja.

Barabarani kumbukeni kwamba magari hupita kulia, hivyo tazama kushoto kwanza, na msisimame kwenye njia za baiskeli.

Mwisho, mwambieni mtoto ukweli. Wazazi wengi huona aibu kusema wamechoka wakati kijana ameomba ruhusa kazini kwa ajili yao. Mwambieni mapema saa za kula na za dawa, naye apange matembezi kuzizunguka saa hizo. Rijksmuseum itakuwepo na kesho.