Atomu Mbili, Mifuko Miwili

Katika duka la pembejeo, mfuko wa kilo 50 wa urea umeandikwa naitrojeni asilimia 46. Pembeni yake umelala mfuko wa uzito uleule wa salfeti ya amonia, ambayo wakulima wa Tanzania huiita SA, nao umeandikwa asilimia 21. Namba hizo zinatokana na fomula ya kila mbolea, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifikia kwa kalamu na karatasi.

Fomula ya urea ni CO(NH₂)₂. Herufi ni alama za elementi: C ni kaboni, O oksijeni, N naitrojeni, H haidrojeni. Namba ndogo iliyo chini, kuliani mwa alama, huhesabu atomu za elementi hiyo peke yake. Pasipo na namba, atomu ni moja. Namba inayofuata mabano huzidisha kila kilichomo ndani. Kwa hiyo naitrojeni ni 1 × 2, yaani 2, na haidrojeni ni 2 × 2, yaani 4. Kaboni na oksijeni ziko nje ya mabano, hazizidishwi. Molekuli moja ya urea ina atomu nane.

SA huandikwa (NH₄)₂SO₄, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Wapo wanaohesabu haidrojeni nne kwa kusahau kuwa mabano yamezidishwa. Wengine huipeleka ile 2 hadi kwenye salfa. Hesabu sahihi ni naitrojeni 2, haidrojeni 8, salfa 1 na oksijeni 4: jumla 15.

Kumbe zote mbili zina atomu mbili tu za naitrojeni! Mbona basi mfuko mmoja una naitrojeni maradufu ya mwingine?

Jibu liko kwenye uzito wa atomu nyingine zilizoandamana nazo. Kwa kukadiria, atomu ya haidrojeni ina uzito wa 1, kaboni 12, naitrojeni 14, oksijeni 16 na salfa 32. Urea inafikia 12 + 16 + 28 + 4 = 60, na SA inafikia 28 + 8 + 32 + 64 = 132. Naitrojeni ni 28 katika zote mbili. Gawanya 28 kwa 60, unapata karibu asilimia 47. Gawanya kwa 132, unapata 21. Mbolea ya dukani si safi kabisa, ndiyo maana mfuko wa urea husema 46. Hata hivyo SA haikosi faida yake: karibu robo ya uzito wake ni salfa, ambayo urea haina kabisa.

Namba ikitangulia fomula, huzidisha fomula nzima. Viwandani urea hutengenezwa hivi: 2NH₃ + CO₂ → CO(NH₂)₂ + H₂O. Upande wa kushoto una naitrojeni 2, haidrojeni 6, kaboni 1 na oksijeni 2. Upande wa kulia, ukijumlisha urea na maji, una zilezile. Hakuna atomu iliyopotea wala iliyozaliwa.

Mtindo wa kuandika elementi kwa herufi uliasisiwa na mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, katika miaka ya 1810. Mwaka 1828 mwanafunzi wake wa zamani, Friedrich Wöhler, alikuwa akijaribu kutengeneza sayaneti ya amonia, NH₄OCN, akapata urea, dutu iliyojulikana kutokana na mkojo. Hesabu atomu za sayaneti hiyo, ukikumbuka kujumlisha N zote mbili: kaboni 1, oksijeni 1, naitrojeni 2, haidrojeni 4. Ni sawasawa na urea, ilhali ni dutu mbili tofauti.

Tofauti iko katika mpangilio. Katika urea, kila naitrojeni imeshikana na kaboni. Kimeng'enya kiitwacho yurezi, kilichomo udongoni, huvunja viungo hivyo na kutoa amonia, ambayo huweza kupotelea hewani. Ndiyo sababu mabwana shamba huhimiza urea ifukiwe badala ya kuachwa juu ya ardhi: asilimia 46 iliyoandikwa mfukoni ni ya mbolea inayonunuliwa, si ya ile inayoufikia mzizi.