Mkono Usio na Saini

Kila nivukapo kwa feri kutoka kisiwani kwenda Likoni, jicho langu hukitafuta kituo cha polisi kabla ya kuitafuta njia ya nyumbani. Ni mazoea niliyoyapata tangu usiku wa tarehe 13 Agosti 1997. Usiku huo genge lenye silaha lilikivamia kituo hicho, likawaua polisi 6, likaiba bunduki zaidi ya 40, kisha likawageukia majirani zetu wenye asili ya bara. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 walipoteza maisha yao, na wapatao 100,000 wakayahama makao yao.

Miongoni mwa waliohama alikuwamo fundi cherehani, jirani yangu. Aliniachia cherehani yake nimtunzie, akaniuliza swali moja tu: “Ndugu yangu, ni nani hasa aliyetufanyia haya?” Cherehani alirudi kuichukua. Jibu hajalipata hadi leo.

Wapo waliosema kuwa ilikuwa hasira ya wenyeji walionyimwa ardhi na ajira. Hasira hiyo ilikuwepo, wala siikani. Lakini uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba mwaka huo huo, na wengi waliofurushwa walihesabiwa kuwa wapiga kura wa upinzani. Ndipo watu waliponong'ona kwamba nyuma ya genge lile kulikuwa na mkono wa wakubwa wa KANU. Mnong'ono huo ulikuwa na mzazi wake. Mwaka 1992 serikali ilikataa kukisajili chama cha IPK, kilichokuwa na wafuasi wengi Mombasa. Mwaka 1993 likazuka kundi la UMA kukipinga, vijana wakapigana mitaani, na wengi wakadai kwamba kundi hilo lilichochewa na kufadhiliwa na walio madarakani.

Msomaji mpenzi, dhuluma ya dola ina njia mbili. Iko ile ya wazi. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alihukumiwa kwa ajili ya waraka wake “Kenya: Twendapi?”, akakaa gerezani hadi 1972. Mwaka 1990 polisi waliwakamata wauza kanda na kuzitwaa nyimbo zilizolalamikia kubomolewa kwa mtaa wa Muoroto na kifo cha Dkt Robert Ouko. Ulikuwa udhalimu, lakini ulikuwa na mwenyewe. Aliyeonewa alimjua aliyemwonea, na sisi leo twaweza kuutaja kwa jina na mwaka wake.

Njia ya pili ni ya siri, nayo haina saini. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini methali si ushahidi. Palipokosekana ushahidi, kila jirani aligeuka mshukiwa: Mdigo akatazamwa kama muuaji, mtu wa bara akatazamwa kama jasusi. Aliyeupanga uovu, awaye yote, alistarehe huku sisi tukichunguzana.

Hata Wamarekani waliwahi kunong'ona hivyo hivyo. Wanaharakati wao walidai kuwa serikali inawavuruga kwa siri, wakaambiwa wanaota. Mwaka 1971 faili zilizoibwa katika ofisi ya FBI mjini Media, Pennsylvania, zilianza kuufichua mpango wa COINTELPRO uliokuwa ukiendeshwa tangu 1956. Kadhalika mwanamuziki John Lennon alichunguzwa na shirika hilo. Mwanahistoria Jon Wiener alikwenda mahakamani mwaka 1983 kudai faili hizo, na mwaka 1997 akapata sehemu yake kubwa. Shaka haikumalizwa na kelele. Ilimalizwa na karatasi.

Karatasi zetu ziko wapi? Tume ya Jaji Akiwumi ilikabidhi ripoti yake kuhusu mapigano ya kikabila mwaka 1999, ikafungiwa kabatini hadi 2002. Ilipotoka, iliwataja baadhi ya wanasiasa na maofisa waliostahili kuchunguzwa zaidi. Nani aliyewachunguza? Hata leo tunalo dai la haki mikononi: Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na sheria ya mwaka 2016 vinampa kila raia haki ya kupata habari zilizomo mikononi mwa serikali. Basi na zifunguliwe faili za mwaka 1993 na za 1997. Zikionyesha kwamba wakubwa wale hawakuhusika, na waondolewe lawama hadharani. Zikionyesha vinginevyo, na tujue.

Nitakapokutana tena na yule fundi, ambaye sasa ni mzee, sitaki kumpa mnong'ono mwingine. Nataka nimpe jibu lenye saini. Kwani mficha maradhi, kifo humuumbua.