Manukuu kwa Ajili ya Viziwi: Kiandikwe Kiswahili Gani?

Manukuu, yaani maandishi yapitayo chini ya picha ili kiziwi asome yale yasemwayo, hayakuanza na intaneti. Televisheni za Marekani zilianza kuyarusha kwa utaratibu tarehe 16 Machi 1980, yakiwa yamefichwa mpaka mtazamaji ayafungue kwa kifaa maalumu. Mwaka 2008 shirika la W3C, liwekalo kanuni za mtandao, liliyatia katika daraja la kwanza la masharti ya video zilizorekodiwa. Rekodi ya sauti tupu nayo sharti iandamane na maandishi yake. (Wasioona wana maelezo ya sauti, ambayo husimulia vitendo pale wasemaji wanyamazapo, hayo yanastahili makala yake.)

Wengi huyachanganya manukuu haya na tafsiri ya filamu. Tafsiri humhudumia mtu anayesikia asiyejua lugha: mlango ukibishwa, anausikia mwenyewe. Kiziwi hausikii. Hivyo mwandishi wa manukuu hana budi kutaja mlango, kicheko, ngoma ya mbali, na jina la yule asemaye nje ya picha.

Kwetu Lubumbashi kazi hiyo huzua swali jingine. Tuseme mchezaji katika tamthilia ya mjini anatamka «Minaenda ku kazi». Je, tuandike «Ninakwenda kazini», kama shule ifundishavyo? Wako wenzetu watakaojibu ndiyo, kwa hoja kwamba maandishi yapitayo mbio yahitaji tahajia iliyozoeleka. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa msomaji aliyekulia katika lugha ya ishara, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili.

Hata hivyo, viziwi wengine husoma pia midomo, na wazee waliopungukiwa na masikio husikia nusu ya neno. Mdomo ukisema «ku kazi» na maandishi yakasema «kazini», watu hao huvurugwa badala ya kusaidiwa. Zaidi ya hayo, mhusika anayerukia Kifaransa ili ajikweze mbele ya jirani hupoteza kichekesho chake chote akisanifishwa. Kiziwi hubaki akishangaa wenzake wanacheka nini.

Mfano mwema tunao. Walter Schicho, alipochapisha michezo ya kundi la Mufwankolo mwaka 1981, aliandika Kiswahili cha Lubumbashi jinsi kilivyosemwa. Ufupisho tunaukubali: marudio yaweza kukatwa pale msemaji apitapo kasi ya macho. Lakini «ku kazi» ibaki «ku kazi».