Malipo ya kuachishwa kazi: Usikubali yakatwe ushuru kwa mkupuo

KWA mfanyakazi wa shamba la chai Kericho au la maua Naivasha, pesa za kuachishwa kazi mara nyingi ndizo mtaji mkubwa wa kwanza kushika mkononi. Ndizo anazotarajia kununulia ng'ombe wa maziwa, kufungulia duka au kulipia karo huku akitafuta njia nyingine.

Lakini mtaji huo unaweza kumegwa kabla haujafika benki. Hutokea pale karani wa mishahara anapoujumlisha na mshahara wa mwezi wa mwisho na kuukata ushuru wa PAYE, kana kwamba pesa zote zilichumwa kwa mwezi mmoja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kumlipa kila anayeondoka mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Juu ya hayo kuna notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, pamoja na malipo ya siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa. Mkataba wa chama cha wafanyakazi unaweza kutoa zaidi.

Malipo hayo hayajasamehewa ushuru. Hata hivyo, Sheria ya Ushuru wa Mapato, kifungu cha 5, inaruhusu fidia ya kuachishwa kazi itandazwe. Kwa mkataba usio na muda maalumu ambao wenyewe unataja fidia, fidia huhesabiwa kama mapato ya miezi inayofuata baada ya kazi kwisha, kwa kiwango cha mshahara wa mwisho, hadi iishe. Mkataba wa muda maalumu ukikatizwa, fidia hugawanywa sawasawa katika miezi iliyokuwa imebaki.

Hesabu inavyokwenda

Chukua mfano wa mfanyakazi wa mshahara wa Sh40,000 kwa mwezi, aliyetumika miaka 12 na kuachishwa mwisho wa Juni. Siku 15 mara miaka 12 ni siku 180. Kwa mwezi wa siku 30, hiyo ni mishahara sita, yaani Sh240,000.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, Sh24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30 hadi kufikia Sh500,000. Kisha nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 huondolewa.

Pesa hizo zikiwekwa juu ya mshahara wa Juni, zote huangukia asilimia 30 na kukatwa Sh72,000. Zikitandazwa miezi sita kwa Sh40,000, ushuru ni takriban Sh4,383 kwa mwezi, jumla Sh26,300. Tofauti ni Sh45,700, bila kuhesabu makato mengine kama NSSF na SHIF.

Nafuu hii ina mpaka. Mtu akipata kazi nyingine katika miezi hiyo sita, mshahara mpya hujumlishwa na fidia na ushuru hupanda. Mapato mengine yanayotozwa ushuru pamoja na mshahara katika ritani ya mwaka huongeza mzigo vivyo hivyo.

Tenganisha mafungu

Kosa jingine ni kuandika malipo yote kwa mstari mmoja. Kila fungu lina hesabu yake. Fidia ya kuachishwa na malipo ya notisi hutandazwa mbele. Malipo ya likizo huhesabiwa katika kipindi yanachohusu. Kiinua mgongo cha utumishi hurudishwa nyuma, kwenye miaka kilipochumwa. Nayo pesa ya hazina ya pensheni iliyosajiliwa ina masharti yake, haifai kuchanganywa na fidia.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mfanyakazi aombe karatasi inayoonyesha kila fungu, miaka iliyohesabiwa, na jinsi ushuru ulivyopigwa. Kukitokea kutoelewana, ni rahisi kumrudisha mhasibu mezani kabla ya hundi kuandikwa kuliko baadaye. Wafanyakazi wengi wakiachishwa pamoja, chama chao kinaweza kuomba hesabu hiyo kwa niaba ya wote.

Aliyekwisha kukatwa kwa mkupuo asikate tamaa. Mwaka wa ushuru Kenya ni Januari hadi Desemba, na ritani huwasilishwa kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. Ritani ndiyo inayolinganisha mapato ya mwaka mzima na ushuru uliokatwa. Kwa aliyeondoka Juni na asipate mapato mengine, kilichokatwa kupita kiasi huonekana hapo, naye anaweza kudai arejeshewe na Mamlaka ya Ushuru (KRA). Atahitaji fomu ya P9, barua ya kuachishwa kazi na karatasi ya hesabu.

Aliyeondoka Desemba ana kazi zaidi. Sehemu kubwa ya fidia yake ni mapato ya mwaka unaofuata, hivyo ni muhimu mwajiri aiandike hivyo tangu mwanzo. La sivyo, yote itaonekana ni ya mwaka mmoja.

Mwajiri mdogo naye ajihadhari

Mwenye duka, mashine ya kusaga au shamba lenye vibarua wa kudumu asidhani mambo haya ni ya kampuni kubwa pekee. Akimlipa mtu fidia bila kukata ushuru unaostahili, deni humrudia yeye pamoja na faini. PAYE hupaswa kufika KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Gharama ya mhasibu kwa siku moja huenda ikawa ndogo kuliko deni hilo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa anayeondoka kazini, daftari ni ile karatasi ya hesabu. Sh45,700 zinazookolewa kwayo ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima, kwa mtu ambaye mwezi ujao hana mshahara.