Maneno Yanayoonekana Kabla Barua Pepe Haijafunguliwa

Mwananchi anayesubiri majibu ya maombi ya kazi hufungua kisanduku chake cha barua pepe akaona mambo matatu: jina la mtumaji, kichwa cha barua na mstari mmoja wa maneno hafifu. Mstari huo ukisomeka “Umechaguliwa, thibitisha kabla ya saa sita usiku”, ni rahisi kubonyeza bila kusita. Hata hivyo, huenda maneno hayo yasionekane popote katika barua atakayoifungua.

Barua pepe nyingi za taasisi, benki na maduka ya mtandaoni huandikwa kwa HTML, lugha ileile inayotumika kutengeneza kurasa za tovuti. Programu ya kusomea barua, kama vile Gmail au Outlook, huchota maneno ya kwanza inayoyakuta katika mwili wa barua na kuyaonyesha kwenye orodha kama dokezo. Mtumaji asipopanga lolote, kinachochotwa ni chochote kilichotangulia, na mara nyingi huwa ni “Iwapo huioni barua hii vizuri, bonyeza hapa”. Maneno yasiyomfaa msomaji yeyote.

Ili kuepuka hilo, watengenezaji huweka sentensi fupi mwanzoni kabisa mwa barua, kisha huifanya isionekane barua inapofunguliwa: kwa agizo la kuificha, kwa kuipa herufi za ukubwa wa sifuri, au kwa kuipaka rangi ya usuli, nyeupe juu ya nyeupe. Mbinu hizi huunganishwa kwa kuwa programu hazitii maagizo kwa namna moja. Sentensi ikiwa fupi mno, programu huendelea kuchota maneno yanayofuata. Ndiyo maana baada yake hupangwa mfululizo wa alama zisizoonekana ili kuijaza nafasi iliyobaki. Kazi hiyo ni ya kuziba pengo kwa kitu kisichoonekana, nayo hufaulu.

Mbinu yenyewe ni halali, na taasisi makini huitumia kutaja mapema tarehe ya mwisho au mahali pa usaili. Hatari iko kwingine: dokezo, kichwa na hata jina la mtumaji vyote huandikwa na mtumaji mwenyewe, awe mkweli au tapeli.

Kwa hiyo kinachostahili kukaguliwa kwanza ni anwani kamili. Anwani za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na herufi hizo hazina budi kuwa za mwisho kabisa, zikifuatwa na.com au nyingine, anwani hiyo si ya Serikali. Kwa kuwa hata anwani inaweza kughushiwa, ni salama zaidi kuandika mwenyewe anwani ya tovuti ya taasisi husika kuliko kubonyeza kiungo kilichomo baruani.

Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na barua ya namna hiyo isifutwe kabla ya kuripotiwa polisi, kwani ndiyo ushahidi.